Maji ya Kumwagia Mawe

Siku yangu ya kwanza kazini Foremani alininyima mashine. Alinipa diski, ile sahani nyembamba inayokata zege na chuma, akaniamuru niitundike kidoleni na kuigonga polepole kwa mpini wa bisibisi. "Nzima inalia," akasema. "Yenye ufa inanyamaza. Hiyo tupa, hata kama ni mpya." Asubuhi nzima niligonga diski huku wenzangu wakinicheka. Ilikuwa miaka ya sabini, nami nilikuwa nimeajiriwa na kontrakta wa barabara huko Kitui.

Mashine yenyewe ilikuwa ya petroli, ya kushikwa kwa mikono miwili, na kelele zake zilitufuata hadi kitandani. Foremani alitufundisha kusimama kando ya mstari wa diski, maana ikikwama inaruka kumrudia mwenyewe. Hatukuruhusiwa kuinua mashine kupita mabega, wala kuiweka chini kabla diski haijasimama. Wavivu husema ajali haina kinga. Upuuzi mtupu! Kinga ilikuwepo, lile bati lililofunika diski, na waliolifungua ili waone vizuri niliwafunga vidonda mwenyewe.

Lakini sheria aliyoirudia kuliko zote ilikuwa ya maji. Zege likikatwa kavu hutoa vumbi laini kama unga, na vumbi hilo likiingia kifuani halitoki. Kwa hiyo kila mkataji alipewa pipa lake la maji, na mpira mwembamba wa kuyadondosha pale diski inapokata.

Mwaka wa ukame tulihamishiwa Tseikuru, mimi na Kilonzo, mkataji mwenzangu na rafiki yangu wa kwanza kazini. Tulikata makalvati, yale mabomba makubwa ya zege ya kupitisha mafuriko chini ya barabara, mahali ambapo hapakuwa na tone. Lori lilituletea mapipa kutoka mbali, na wanawake walipoliona wakaja na mitungi. Bibi mmoja mzee alitutazama tukifungulia mipira, akauliza, "Wanangu, kweli mnanywesha mawe na sisi tunakufa?"

Kilonzo alifunga mpira wake. "Mwaitu, lete mtungi," akamwambia, akimwita mama kwa heshima ya kwetu. Siku hiyo alikata kavu, leso imefungwa puani. Kesho yake vivyo hivyo, na siku zilizofuata. Nilimsihi aache. Mimi niliendelea kumwaga, na wanawake wale wakanitazama kama mchawi. Nikienda kuomba maziwa, naambiwa yameisha. Kilonzo aliletewa mpaka kambini.

Jioni moja Foremani alimkuta amekuwa mweupe kama mtu aliyeshinda kwenye posho mill akisaga unga.

"Kilonzo, hii vumbi haitoki kwa kifua. Mimi nimezika watu."

"Foremani, mawe haisikii kiu."

"Na Injinia anataka kalvati ziishe kabla ya mvua. Nitamwambia nini?"

"Zitaisha. Si unaona nakata?"

Foremani akaenda zake. Kazi iliisha kabla ya mvua na Injinia akatusifu sana.

Tulipopelekwa mji wa Wote, miaka ya themanini, Kilonzo alikuwa ameanza kukohoa. Alisema ni mafua. Mficha maradhi kifo humuumbua. Alipokubali kwenda hospitali alitibiwa kifua kikuu asichokuwa nacho, hadi daktari mmoja alipomuuliza anafanya kazi gani, akaweka kalamu chini. Hapakuwa na dawa. Kufikia miaka ya tisini, fundi aliyekuwa akibeba mashine kutwa alishindwa kufunga kamba za viatu bila kupumzika. Nilikwenda kumwona kwake Kanyangi, na nilikwenda na hasira.

"Ungenisikia," nikamwambia.

"Nilikusikia." Akahema, akangoja pumzi irudi. "Lakini wewe, kule Tseikuru, ulikuwa unalala?"

Tulikuwa hema moja, na alijua silali.

Kwenye maziko yake niliombwa kusema kwa niaba ya wafanyakazi. Nilikuwa nimejiandaa kuwaambia wakataji vijana, waziwazi, kwamba marehemu aliuawa na ukaidi wake. Kabla sijaitwa, akasimama mama mmoja aliyetoka Tseikuru.

"Nilikuwa na mtoto mchanga," akasema, "na maziwa imekauka. Huyu mtu alitupatia maji kila siku, na hakutuuliza kitu. Ni Mungu alimtuma."

Watu wote wakasema amina. Hakujua maji yale yalikuwa ya kazi gani, nami sikuwa na moyo wa kumwambia. Nilipoitwa nilisema Kilonzo alikuwa fundi mzuri, halafu nikalia mbele ya watu, mzee mzima.

Sasa nimestaafu. Mafundi hupita kwangu kuuliza hili na lile, na kila mmoja namwambia amwage maji. Majuzi mmoja akaniuliza, "Na kama kuna mtu ana kiu, mzee?"

"Mpe yote," nikamjibu. "Halafu zima mashine, uende nyumbani. Kalvati itangoja."

Aliitikia tu, kama mtu aliyeambiwa jambo jepesi. Na kweli ni jepesi. Kule Tseikuru tulikuwa Injinia, Foremani, Kilonzo na mimi, watu wazima wenye akili zetu, na hakuna hata mmoja wetu aliyelisema.