Chumvi ya Jibini Mbili

Mwalimu wetu wa kemia kule Nyamitaba alikuwa na kalamu nyekundu isiyoisha wino, na kwenye karatasi zangu hakuifanyia ubahili. Swali lilihusu betri ya zinki na fedha, ioni mbili za fedha kwa zinki moja: tafuta volti. Kitabu kinasema fedha ni 0,80 na zinki ni −0,76. Kwa kuwa fedha ni mbili, mimi nikazidisha kwa mbili, nikatoa −0,76 ya zinki, yaani nikaongeza 0,76, nikapata 2,36. Nilipewa sufuri.

Nikabaki na mtihani wa marudio. Nikianguka tena, ningehamishiwa ushonaji, mimi ambaye kifungo nikikishona kinang'oka na kitambaa chake. Niliipenda kemia mpaka nikalia.

Papa, yaani baba yangu, alikwenda kumwona mwalimu, akarudi amenuna. Aliambiwa mbele ya wazazi wengine: "Papa, mambo ya chimie achia watu ya masomo. Wewe chunga ng'ombe."

Kesho yake nilikuwa namsaidia Papa kugeuza jibini zake kwenye mbao, huku nikilalamika.

"Fedha iko mbili, Papa! Juu ya nini nisizidishe?"

"Hiyo volti iko wingi ao iko nguvu?"

"Njo nguvu ya kusukuma umeme."

Akakata kipande cha jibini, akanipa. "Iko na chumvi?"

"Iko."

Akakata jibini nyingine. "Na hii?"

"Iko sawasawa."

"Unakula ya fromage mbili. Nguvu ya chumvi iliongezeka?"

Nikasimama mdomo wazi, jibini ikiwa bado kwenye ulimi. Mwaka mzima nilikuwa mjinga, na dawa ilikuwa kwetu kwenye mbao. Huzidishi kitu, unajumlisha 0,80 na 0,76, basi.

Kwenye marudio swali lilikuwa lilelile, maana yule mwalimu alikuwa mvivu hata wa kutunga maswali. Niliandika 1,56 nikapita.

"Mupelekee fromage moja," Papa akasema. "Na usiseme kitu."

Nikaipeleka. Mwalimu aliionja palepale, akakunja uso.

"Eh! Iko na chumvi mingi!"

Nilijaribu kunyamaza, kweli nilijaribu.

"Hata ningekuletea mbili, Prof, chumvi ingebakia ileile. Njo vile na volti."

Akaacha kutafuna. "Nani alikufundisha hiyo?"

"Muchunga ng'ombe."