Vitabu Viwili

Juzi nilimwona mama mmoja akipekua vitabu vya mwanawe dukani, macho yamemlegea, nikamkumbuka mama yangu nilipokuwa mdogo.

Alikuwa ameniachisha shule. Hesabu nilizimaliza kabla ya wenzangu, lakini kusoma sikuweza, na kila siku nilichapwa. Akaamua kunifundisha mwenyewe nyumbani Masukulu. Siku hizo vitabu vya kila aina vilikuwa vimeanza kufika madukani, basi akanipeleka mjini Tukuyu kuchagua. Duka lilinuka mafuta ya taa, na mvua ilipiga bati.

“Yuko darasa la ngapi?” muuzaji aliuliza.

“Hesabu, la tano. Kusoma, la kwanza.”

“Mtoto mmoja?”

“Huyu huyu.”

Muuzaji akatoa vitabu viwili. Nilidhani kile cha darasa la kwanza ni cha mdogo wangu. Nilipoambiwa ni changu, nililia, nikijua mama amenikatia tamaa. Akaketi juu ya gunia la chumvi, akanifungulia ukurasa wa kwanza.

Nilihangaika mpaka nikasoma neno “maji” peke yangu. Nilipogeuka, mama alikuwa amesinzia. Sikujua kwamba tangu alfajiri, kabla hatujaja mjini, alikuwa shambani akichuma chai. Nililisoma tena, polepole, nisimwamshe.