Upande wa Kushoto wa Lisandru

Mkono wa kulia wa Lisandru ulisifiwa kuanzia Mto Danubi hadi kituo cha treni. Wa kushoto ulijua kuvuta na kusukuma tu. Baba yake alimtundikia mabegani akodiani, kinanda cha kuvuta na kusukuma, akiwa na miaka saba, kabla hajaweza kufunga kamba za viatu, na tangu hapo alikuwa hajanyamaza. Kuna mtu mmoja ambaye Lisandru alimpigia kwenye harusi zake zote tatu, kisha akampigia kwenye mazishi yake.

Upande wa kushoto wa akodiani ile ulikuwa na vitufe mia na ishirini vya sauti nzito, na hakuna hata kimoja kilicholia. Mwaka aliooa, Lisandru aliifungua, akang'oa vilimi vyote vya besi, vile vibati vinavyotoa sauti nzito, akaifunga tena. Chombo kikawa chepesi, mgongo ukapumzika.

"Besi ninayo," alisema, akimwonyesha Dobre, kaka wa mkewe, mfupi mwenye besi ya kusimama, zeze kubwa lililompita kimo.

Wageni walipomkodolea macho, vidole vyake vya kushoto vilitembea juu ya vitufe kwa heshima zote, kama karani anayepiga chapa bila karatasi.

Walipiga hivyo miaka ishirini na sita, hadi kwenye ubatizo mmoja Lisandru alipotamani kuwachekesha watu.

"Huyu shemeji yangu hapigi muziki," alisema. "Anasukumana na kabati, na kabati linalalamika."

Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Dobre akaifunika besi yake shuka, akajitwika mgongoni, akaondoka kwa miguu na nyama ikiwa bado kwenye sahani.

Jumatano yake Mitrea, mkulima aliyekuwa akimwoza binti yake Jumapili, alisimama langoni.

"Fundi, nasikia huna besi."

"Nani kasema?"

"Nani hajasema? Sikiliza. Babu yako alimpigia babu yangu, baba yako akampigia baba yangu. Lakini harusi isiyo na besi mimi siitaki. Dobre asipokuja, namwita yule kijana wa kinanda cha umeme. Na akishapiga kwangu, kijiji kizima kitamtaka yeye."

Mitrea akaenda zake. Tinca, mke wa Lisandru, alikuwa kizingitini akinyonyoa kuku.

"Basi piga besi mwenyewe," alisema. "Vitufe si unavyo?"

"Tinca, usinitanie."

"Nenda kwa kaka yangu ukamwombe radhi."

"Namwomba hapa hapa."

"Yuko ng'ambo ya barabara. Hawezi kukusikia."

"Ndicho ninachosema miaka yote, kwamba hasikii."

Tinca akamtazama, na kuku mkononi. Lisandru akavaa kofia, akavuka barabara.

Dobre alikuwa anapangusa besi yake kwa kitambaa, polepole, kama mtu anayemwogesha farasi.

"Shemeji, ule ulikuwa mzaha."

"Najua. Niliwasikia wakicheka."

"Sasa unataka nini? Nipige magoti?"

"Magoti yako nitayafanyia nini? Nataka wimbo mmoja. Jumapili, ngoma nzima ya hora, napiga peke yangu. Wewe unakaa pembeni, kimya."

"Besi tupu? Watu watadhani sisi wengine tumekufa."

"Kimya, Lisandru. Hata kukohoa hapana."

Jumapili, baada ya supu, wachezaji walishikana mikono wakafanya duara la hora. Lisandru akafunga mivukuto ya akodiani, akarudi nyuma hatua mbili. Besi ikaanza peke yake. Wachezaji wakasita, wakatazamana, kisha miguu ikaanza kwenda yenyewe.

"Leo angalau nasikia pa kuweka mguu," alisema bibi mmoja, akimpita karibu kabisa.

Mkono wa kulia wa Lisandru ulikuwa unapiga juu ya suruali bila kutumwa. Tinca akauwekea glasi ya gongo la plamu.

"Shika hii, utulie."

Akashika, akasikiliza, maana hakuwa na kingine cha kufanya. Akasikia kwamba Dobre kila alipofika kwenye kona ya wimbo alichelewa kidogo, kiasi cha pumzi moja. Hapo ndipo Lisandru alipokuwa akichomoka na noti zake thelathini na kushangiliwa. Kumbe alikuwa ameachiwa njia. Sasa ile nafasi ilibaki tupu kila duru, wazi kama mlango.

Hora ikaisha. Baba wa ubatizo wa bwana harusi akapunga leso: tena. Dobre akageuka, jasho likimtiririka.

"Ingia," alinong'ona.

"Ulisema kimya."

"Kwa wimbo mmoja. Ingia, shemeji, nimeishiwa."

Lisandru alikuwa na jibu, tena zuri. Watu wa meza ya karibu walishamgeukia, midomo tayari kucheka. Akalimeza pamoja na gongo. Akaingia chinichini, noti mbili tatu tu ndani ya ile nafasi.

Dobre akamtazama kwa wasiwasi. "Unaumwa?"

"Piga. Nakusikiliza."

Hakuna mchezaji aliyetambua kwamba akodiani imeingia. Mitrea, akikanyaga ardhi katikati ya duara, alikuwa anampigia kelele jirani sikioni, jirani mwenye binti wa kuozwa wakati wa mavuno ya zabibu:

"Mwahi Dobre mapema. Yule wa akodiani anakuja naye tu."