Bango la Mama Pokuaa

Kwa miaka ishirini na miwili Bediako Nkansah alikuwa akipiga picha za misiba, na hapa Kumasi mpiga picha wa misiba halali njaa. Kila Jumamosi yuko kiwanjani, kamera shingoni, anawapanga wafiwa mstari mmoja na mavazi yao mekundu na meusi. Shida ni kwamba watu walianza kumkwepa. Jirani yake mmoja alimkataza katakata kumpiga picha mtoto wake mchanga. "Hapana, kaka. Kamera yako imezoea kuaga," alimwambia, akamfunika mtoto uso.

Hilo lilimuuma. Ndiyo maana alipoitwa na Mama Pokuaa, mama lishe anayewauzia mafundi wa gereji za Suame fufu, ule ugali wa muhogo na ndizi wa kutwanga, alifurahi kama mtu aliyepata kazi yake ya kwanza. Ng'ambo ya barabara ulikuwa umefunguliwa mgahawa mpya wenye viyoyozi na picha kubwa za kuku wanaong'aa, na mabenchi ya Mama Pokuaa yalibaki matupu. Mama alitaka bango. Bediako alitaka, walau mara moja, apige picha ya kitu kilicho hai na watu wakione kuwa ni hai. Akishindwa safari hii, basi abaki na maiti wake mpaka naye azikwe.

Kosa lake lilikuwa la adabu: alimpa mama taarifa siku tatu kabla. Nani asiyejua? Mwambie mtu wa kwetu unakuja kumpiga picha, siku ikifika utamkuta mtu mwingine. Bediako alikuta moto umezimwa, vyungu vimefichwa, wateja wachache waliobaki wamefukuzwa. Mama Pokuaa ameketi kwenye kiti cha kifalme cha kukodi, amejitanda kitambaa cha fahari cha kente, dhahabu ya dada yake shingoni, midomo ameibana.

"Sasa Mama, na huo mdomo? Watu wanakujia kwa ajili ya mdomo wako!"

Alisema kweli. Mama Pokuaa hakuwahi kumpa mtu bakuli bila tusi. Ukiomba nyama ya ziada atakuuliza kama baba yako alimwachia ng'ombe. Mafundi waliipenda hiyo. Ambaye hakutukanwa alirudi gereji mnyonge, akijiuliza amekosa nini.

"Nitukane mpaka kwenye bango? Mimi nimelelewa, bwana. Piga!"

Akapiga. Lakini mzoea kunyonga, kuchinja hawezi. Mkono wake ulifanya ulichokijua: uso mbele, mabega sawa, utulivu wa milele. Mchapishaji naye, anayeishi kwa mabango ya misiba yanayosimamishwa njiani kutangaza waliokufa, akazungushia pambo jeusi na jekundu bila kuuliza. Juu waliandika jina, chini wakaandika kwamba ametulisha tangu mwaka 1991. Bediako aliliangalia, akaliona zuri.

Likasimamishwa njia panda Alhamisi jioni. Ijumaa saa sita mchana, mafundi waliohamia kwenye viyoyozi walirudi wote, karibu thelathini, wamejitanda nyeusi na nyekundu. Aliyetangulia ni Tawiah, fundi wa gia, analia kwa sauti.

"Mama yangu! Nilikuacha kwa ajili ya upepo wa mashine! Nisamehe huko uliko!"

Akaingia bandani, akamkuta Mama Pokuaa ameinama anageuza fufu kinuni. Tawiah alipiga yowe, akaangukia kreti za soda.

"Tawiah, nani kafa?"

"We... wewe, Mama. Bango..."

"Mimi? Nife, halafu nani atakwambia una kichwa kama tangi la dizeli?" Mama akachomoa upawa. "Na nyie wengine! Nikiwa hai mlinikimbia, leo mmekuja kunizika na matumbo matupu! Kaeni chini! Wewe wa nyuma, vua hiyo nyeusi kabla sijakuvua mimi!"

Bediako alikuwa amesikia habari, akaja mbio. Alisimama mlangoni akiomba ardhi immeze. Ndipo akaona: upawa uko juu, mdomo wa Mama uko wazi hadi magego, Tawiah yuko chini anacheka na machozi bado yanamtiririka, waombolezaji wanagombania benchi. Hakumpanga mtu hata mmoja. Aliinua kamera akapiga.

"Na wewe, mchimba kaburi!" Mama akamgeukia. "Hebu njoo hapa!"

Alimsogelea, akamwonyesha ile picha kwenye kamera. Mama aliitazama kwa muda.

"Jino langu bovu linaonekana."

"Linaonekana, Mama."

"Na jasho."

"Na jasho pia."

"Huyu ndiye mimi," Mama akasema. "Mweke huyu. Yule wa kente simjui, na sidhani kama anajua kupika."

Bango jipya likasimama Jumatatu, bila pambo lolote. Siku ya tatu Bediako alikuwa ameketi pembeni anakula, akaingia dereva wa lori kutoka Tamale, mtu mzima mwenye mvi. Mama Pokuaa, kwa heshima ya mgeni, akampokea kwa upole.

"Karibu, baba. Maji haya hapa, nawa."

Mzee hakunawa. Alimtazama Mama, akageuka kutazama bango kule nje, uso ukamsawijika.

"Samahani, Mama. Mimi nilikuwa namtafuta yule wa kwenye picha."

Mama Pokuaa akaweka bakuli chini, akashika kiuno.

"Umetoka Tamale yote hiyo na hilo tumbo, uje kunichagulia wa kukupakulia? Nawa mikono, mzee mzima wewe, au unakula kwa macho?"

Dereva alicheka mpaka akashika mbavu, kisha akanawa. Kule pembeni Bediako alisahau tonge mkononi kwa furaha. Mtu wa mji mwingine, asiyewajua wote wawili, alikuwa amemfuata mwanamke kutoka kwenye picha yake, na alimfuata akiamini kwamba yu hai.