Mfamasia Anayenong'ona

Mfamasia wa mtaani kwetu, mwanamke wa rika langu, hunong'oneza kila mteja. Hata kwa dawa ya kikohozi huinamia kaunta akakueleza kama anakupa siri ya nyumba ya watu, kisha huikunja bahasha ya dawa mara mbili na kuisugua kwa kidole gumba. Nilikuwa namcheka, mpaka nilipopeleka cheti changu mwenyewe cha daktari. Mwaka mzima nilinunua mashuka mekundu na manukato, nikidhani hamu ya tendo la ndoa iliyonipotea inauzwa dukani. Kumbe dawa ya hamu aliyoniandikia daktari ni ya ubongo! Mfamasia aligusa paji la uso wake. "Inafanya kazi huku, dada. Kidonge kimoja, wakati wa kulala. Pombe usiguse." Kwa aibu nikajikuta napayuka kama niko mnadani: "Sasa hiyo hamu ya kulala na mume wangu itanirudia lini?" Foleni nzima ikanyoosha shingo. Wifi yangu, wa tatu nyuma yangu, akakohoa. Mfamasia aliikunja bahasha mara mbili, akaisugua. Kisha nikaisikia kwa mara ya kwanza sauti yake halisi, nene, ikifika hadi mlangoni: "Wiki ya nane, dada. Mimi mwenyewe ilinirudia wiki ya nane."