Kikohozi cha Baba Mkwe na Katrekta Kenye Kelele

Kuna asubuhi moja naikumbuka mpaka leo, mwanangu: nilimwacha baba mkwe wangu amesimama kwenye migomba kama mwizi, kwenye shamba lake mwenyewe, na mimi sina habari.

Nilikuwa na miezi michache ya ndoa. Mimi ni mtoto wa Iringa mjini, kidato cha nne nimemaliza, na kutoka nyumbani sipendi. Hata leo mkinialika harusi naanza kutafuta ugonjwa. Nikaolewa kwa Wanyakyusa, njia ya Tukuyu, kwenye familia iliyoshika sana mila ya mkamwana na baba mkwe. Hamtazamani, hamsemeshani. Akija njiani anakohoa tangu mbali, wewe unasogea pembeni na kumpa mgongo, anapita, maisha yanaendelea. Usinicheke. Kwa mvivu wa mazungumzo kama mimi, haikuwa mila mbaya.

Tabu ilikuwa katrekta. Mume wangu alikuwa ameleta katrekta kadogo ka bustani, kakuukuu, akanifundisha kukaendesha. Nikawa nalima nimekaa, wenzangu wameinama. Nilijiona waziri. Lakini kelele zake! Ukikawasha, kuku wanahama. Sasa kikohozi cha mzee mmoja kitasikikaje?

Asubuhi hiyo alikohoa mpaka koo likamkauka. Mimi nageuza udongo, naimba. Alisimama pale tangu umande mpaka saa tano, nilipozima injini niende kunywa maji.

Mchana mama mkwe akanijia.

"Mkamwana, baba yako anauliza kama umeamua kumfukuza shambani."

"Mimi, Mama? Sijamwona hata!"

"Na hukumsikia pia. Anasema kabla ya kupanda viazi, ama hicho kitu kinyamaze yeye asikike, ama kiuzwe, urudi kwenye jembe kama sisi."

Jembe! Mgongo ulianza kuuma kabla sijalishika.

Fizikia nilipata D, na ndiyo iliyoniponza. Nikawaza: kelele inatokea kwenye ekzosi, lile bomba la moshi, basi dawa ni kuiziba. Nikakata kipande cha mgomba kibichi, nikakichomeka kwenye mdomo wa bomba, nikakikandamiza kwa nguvu zangu zote. Nikawasha. Injini ikakohoa, ikatetemeka, halafu pu! Kipande kikaruka juu ya ua, kikatua upande wa pili. Injini ikazima, na katika kimya kile nikasikia sauti ya mwanaume ikisema, "Yesu wangu!"

Nikakaa chini nyuma ya gurudumu, nimejifunika kanga uso mzima, nasubiri kurudishwa Iringa.

Mama mkwe akaja akijiuma midomo asicheke. "Ndaga, pole, mkamwana. Baba yako hajaumia, amechafuka tu."

"Amesemaje?"

"Amesema moshi lazima upite. Ukiuzibia njia, injini itachemka mpaka ife. Halafu ameuliza, nani kakwambia kelele yote inatoka mwisho wa bomba? Ulisikiliza?"

Sikuwa nimesikiliza. Wala sikujua kwamba mzee yule alikuwa fundi wa mashine kwenye kiwanda cha chai miaka mingi. Ningejuaje habari za mtu nisiyemtazama?

Kesho yake nikachukua kipande cha mpira wa kumwagilia, ncha moja sikioni, nyingine naipitisha karibu na katrekta bila kugusa. Mwanangu, ilikuwa kama kupita nyumba kwa nyumba nikisikiliza ugomvi wa watu! Mdomo wa bomba ulinguruma tu, mzito. Kumbe pale bomba linapofungwa kwenye injini palikuwa panafoka ta-ta-ta, na masizi yamechora chuma: gasketi, ile karatasi ngumu ya kuziba mwanya kwenye maungio, imeungua. Tumboni mwa sailensa, lile kopo la bomba linalomeza kelele, kutu imetoboa tundu la kupita kidole. Na boneti ndiyo ilikuwa mlalamishi mkubwa. Raba zake zimekwisha, chuma kinagonga chuma. Nikaikandamiza kwa kiganja, kelele ikapungua. Nikaondoa, ikarudi. Nikaweka tena. Nilicheza hivyo mpaka mama mkwe akauliza kama nakabembeleza kalale.

Kila nilichokisikia nilimwambia yeye, akapeleka, akarudi na jibu. "Nyie wawili nioneeni huruma," akasema, "mimi si simu."

Mume wangu akaleta gasketi na sailensa ya saizi ileile kutoka Mbeya mjini. Mzee akaagiza nisubiri chuma kipoe ndipo nifungue. Raba za boneti nikazikata kwenye mpira wa ndani wa tairi bovu, nikaziweka mbali na bomba la moto. Nati zote nikakaza. Agizo la mwisho likaja: nisivute mafuta mpaka mwisho, kwa kulima nusu inatosha.

Siku mbili kabla ya kupanda viazi nilikuwa nalima, mngurumo umetulia, na katikati yake nikasikia kikohozi. Kimoja tu. Nikazima, nikashuka, nikageuka. Hatua zikaja polepole, zikasimama nyuma yangu. Mzee hakunisemesha mimi. Aliliambia trekta:

"Sasa na wewe umekuwa mtu."

Akapita zake. Nililima kwa katrekta kale mpaka wanangu wakakua.

Basi sikia, mwanangu. Mashine ikipiga kelele, au mtu, usikimbilie kuziba mdomo wake. Kaa karibu, sikiliza kelele inaanzia wapi, urekebishe hapo, na moshi uuachie njia yake. Usione haya kuuliza, hata kwa mtu unayedhani hana la kukwambia. Nami nakuombea Mungu akupe mikono yenye subira, mazao yako yastawi, na majirani wafurahi wakisikia umeamka.