Feni ya Chumba cha Mwali

Wifi yangu Hadija hasahau. Nalisema mapema ili asije mtu akamtafutia sifa ya upole. Ukimkosea leo, kesho atakusalimia, atakukaribisha hata ugali na samaki wa mgebuka, lakini jambo lako amelihifadhi.

Ni fundi umeme, mwanamke pekee ninayemjua kwa kazi hiyo hapa Ujiji. Miaka mitatu iliyopita, yeye na fundi mwenzake Alphonce walifunga umeme nyumbani kwa Mzee Nuhu. Hadija alitoboa kuta na kupitisha waya, Alphonce akaunganisha swichi zote. Mwezi haujaisha, Mzee Nuhu alizima swichi ya sebuleni, akapanda kiti abadilishe taa, umeme ukamrusha. Mkono wake wa kulia ulivunjika na mpaka leo haunyooki. Alphonce akaapa kwamba swichi ile aliifunga Hadija.

Mzee hakuuliza mara mbili. Alisimama barazani kwake, watu wanatoka kuswali Ijumaa, akatangaza kwamba mwanamke yule asiguse tena waya wa nyumba ya mtu. Tangu siku hiyo hakuna aliyemwita. Hadija akaenda Kibirizi kuanika dagaa za watu, fundi mzima, na Alphonce akawa anapita na pikipiki yake anampigia honi. Nilimchukia mtu yule kwa moyo wangu wote.

Mwaka huu Bi Mwanamvua, mke wa Mzee Nuhu, alimweka binti yao ndani wiki moja kabla ya harusi, kwenye chumba kipya cha uani. Feni aliifunga Alphonce. Siku ya pili ikawa inanguruma bila kuzunguka. Kungwi akaizima, akapanda stuli ili angalau afunge utepe wa maua kwenye mapanga yake. Ilimpiga, akadondokea kitandani kwa mwali.

Sasa kazi ikawa hapo. Mwali akishawekwa ndani, mwanamume hakanyagi chumbani kwake, na kungwi hakukubali ahamishwe hata mlango wa pili. Bi Mwanamvua akaja kwetu mwenyewe, mtandio umefika machoni.

"Mwanangu Hadija, tusitiri."

"Nitakuja, mama. Lakini Mzee awepo, na Alphonce aitwe akae sebuleni."

Nilimbebea ngazi. Jambo kama lile sikutaka kuhadithiwa.

Chumbani joto lilikuwa kali, liwa alilopakwa linamchuruzika mwali usoni. Hadija alianza na ule mngurumo. Waya mmoja wa kapasita, kile kidude kinachoisukuma feni ianze, ulikuwa umechomoka ukagusa chuma cha feni. Akazima meni swichi ya nyumba nzima, akaurudisha, akawasha, feni ikazunguka, kungwi akapiga kigelegele. Fundi mwingine angekunja vyombo vyake hapo. Hadija akaizima, akapanda tena, akagusisha testa, bisibisi ya kupimia umeme, kwenye waya za juu. Testa ikawaka. Akanitazama akatabasamu, nami nikasikia raha mpaka mgongoni.

"Swichi imekata waya wa kurudisha umeme," akanieleza. "Waya wa moto uko huku juu saa zote, uzime usizime. Alphonce hajabadilika. Waya unaomfikia mkononi kwanza ndio anaoupeleka kwenye swichi."

Hakurekebisha. Alishuka akaenda sebuleni, na sisi wanawake tukamfuata, mwali tukamwacha ndani. Pale ilipokuwa taa iliyomwangusha Mzee, Alphonce alikuwa ameshafunga feni, kwa swichi ile ile. Hadija akaizima. Akaburuta meza katikati.

"Kaka Alphonce, panda. Fungua kikombe cha feni, ushike waya zake."

Alphonce akacheka, akapanda, akafungua. Mkono ukaenda juu, ukasimama.

"Zima meni swichi kwanza."

"Ya nini? Feni si imezimwa? Mzee naye alizima hivyo hivyo."

Jasho likamtoka Alphonce kuliko mwali. Mzee Nuhu akainuka kitini.

"Shika, Alphonce," akasema taratibu. "Kama swichi ni salama, shika."

Alphonce akashuka bila kushika. Baadaye nilimwuliza wifi kama kweli angemwacha aguse. Alisema neno la kumzuia lilikuwa tayari mdomoni. Mimi sina hakika, na sikukosa usingizi kwa hilo.

"Nimekudhulumu, mwanangu," Mzee Nuhu akasema. "Nisamehe. Mtengenezee mwenzio feni, joto litamuua."

"Shikamoo, Mzee," Hadija akamjibu, kana kwamba ndiyo kwanza anaingia. "Hapa ndani tuko watu sita. Uliponitangaza ilikuwa barazani, mtaa mzima unasikia."

Bi Mwanamvua akamsihi, harusi hii, watu wanakuja. Hadija akakaa juu ya mfuko wake wa vyombo, akakunja mikono.

Watu walipotoka kuswali alasiri, Mzee Nuhu alisimama barazani, akasema yote bila kujitetea. Kwa hilo namheshimu. Kisha akamsogeza Alphonce mbele.

"Swichi ile..." Alphonce akaanza, macho chini. "Ile swichi niliifunga mimi. Hadija hakuigusa."

Hadija alikuwa mlangoni, bisibisi mkononi, tayari kurudi kwa mwali.

"Rudia," akamwambia. "Walio ng'ambo ya barabara hawajasikia."